Riwaya ya Vizazi: Istilahi za Kusimulia Ukoo, Mapenzi na Vita, kwa Mfano wa Kasulu na Kibondo

1. Utangulizi

Miongoni mwa aina za riwaya zinazopendwa sana duniani ni ile inayosimulia habari za ukoo mmoja kwa miaka mingi, tangu babu hata wajukuu, huku vita vikiwapitia na kuwatawanya, na mapenzi na ndoa zikiwaunganisha upya. Aina hii husomwa katika Kiswahili, hutafsiriwa kwa Kiswahili, na tena huandikwa kwa Kiswahili. Walakini haijapata jina moja linalokubaliwa na wote. Huyu huiita riwaya ya ukoo, yule huiita riwaya ya kihistoria, na wa tatu, kwa kuwa ameona harusi katika sura ya pili, huiita riwaya ya mapenzi na kuiweka katika rafu ya vijitabu vya kupitisha wakati.

Madhumuni ya makala haya ni matatu. Kwanza, tutayapima majina yanayotumika sasa. Pili, tutapendekeza istilahi kuu pamoja na istilahi chache zinazoandamana nayo. Tatu, tutazijaribu istilahi hizo katika historia ya mahali pamoja, yaani nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, katika Kasulu na Kibondo. Tumepachagua hapo kwa sababu mbili. Sehemu hizo zimeguswa na vita kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, mara nyingi vita vilivyoanzishwa na wengine. Tena, humo Kiswahili huishi bega kwa bega na Kiha, Kirundi, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na kwa hiyo maneno ya jamaa na ya vita hupimwa kila siku katika vinywa vya watu.

Yafaa tukumbuke tangu mwanzo kwamba istilahi si kibandiko tu kinachogandishwa juu ya kitu kilichokwisha kutengenezwa. Jina la aina ya fasihi huamua ni vitabu gani vitahesabiwa, vitafundishwa pamoja, na vitalinganishwa. Mwandishi kijana naye hujifunza kwa jina hilo ni jambo gani linalostahili kuandikwa.

2. Aina yenyewe ni ipi?

Kabla ya kutafuta jina hapana budi tukijue kinachopewa jina. Tukizitazama riwaya mashuhuri za aina hii tunaona mambo matatu yanayokutana.

Jambo la kwanza ni muda unaopimwa kwa uzazi. Katika riwaya ya kawaida saa ya hadithi ni maisha ya mtu mmoja. Katika aina hii mtu hufa na hadithi huendelea. Buddenbrooks ya Thomas Mann, iliyotoka mwaka 1901, hufuata vizazi vinne vya ukoo mmoja wa wafanyabiashara wa Ujerumani. Riwaya tatu za Naguib Mahfouz wa Misri, zilizotoka mwaka 1956 na 1957, huufuata ukoo mmoja wa Cairo kuanzia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Jambo la pili ni tukio la historia linaloingia nyumbani bila ya kubisha hodi. Tukio hilo mara nyingi huwa ni vita. Katika Vita na Amani ya Tolstoy, iliyochapishwa kati ya mwaka 1865 na 1869, majeshi ya Napoleon yanafika Urusi, na jamaa kadhaa zinabadilishwa moja kwa moja. Katika Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya mwaka 2006, vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970 ndivyo vinavyopima mapenzi ya wahusika. Riwaya hii ya mwisho haina vizazi vingi, nasi twaitaja kuonyesha kwamba riwaya ya vita na riwaya tunayoizungumzia ni ndugu, lakini si mtu mmoja.

Jambo la tatu ni mapenzi. Katika aina hii mapenzi si pambo. Ndiyo kiungo kinachobeba hadithi kutoka kizazi kimoja hadi kingine, maana pasipo watu wawili kupendana, au kuozwa, au kukutana kwa bahati katika safari ya kukimbia vita, kizazi kinachofuata hakipatikani na riwaya inakatika. Kwa hiyo basi mhakiki anayeyadharau mapenzi katika riwaya kama hizi amedharau uti wa mgongo wake.

3. Majina yaliyopo na udhaifu wake

Lugha nyingi za Ulaya hutumia neno saga, ambalo asili yake ni lugha ya Iceland na ambalo hapo kwanza lilimaanisha jambo linalosemwa au kusimuliwa. Katika Kiswahili kuna kishawishi cha kulitafsiri kwa neno linalofanana nalo kwa sauti, yaani sakata. Kishawishi hicho hatuna budi kukikataa. Sakata katika matumizi ya magazeti yetu ni jambo lenye utata na kelele, aghalabu la fedha au la uongozi. Mtu akisikia “sakata la ukoo” atadhani ndugu wamepelekana mahakamani kwa ajili ya shamba. Kufanana kwa sauti si hoja katika uundaji wa istilahi.

Riwaya ya familia ni jina la pili. Neno familia limekwisha kuzoeleka, nasi hatuna ugomvi nalo. Hata hivyo aghalabu humaanisha baba, mama na watoto walio chini ya paa moja. Ni neno la watu waliopo pamoja kwa wakati mmoja. Halisemi lolote juu ya wafu wala juu ya wasiozaliwa, nao ndio nusu ya wahusika wa riwaya hii.

Riwaya ya ukoo inakaribia zaidi. Ukoo unawashika walio hai na waliokufa. Lakini ukoo ni neno la mpaka: hueleza nani yumo na nani hayumo. Vita huvunja mpaka huo. Mtoto aliyeokotwa njiani akalelewa, mke aliyetoka upande wa adui, mgeni aliyepewa kiwanja akawa mjomba wa watu: hao wote wamo katika hadithi ingawa huenda hawamo katika ukoo.

Riwaya ya nasaba ina heshima ya neno la zamani, lakini nasaba ni orodha ya kushuka kwa damu, na mara nyingi hukumbusha watu wenye orodha zilizoandikwa, kama masharifu na watawala. Mkulima wa Kasulu ana mababu kama mtu mwingine yeyote, ila hakuandikiwa.

Riwaya ya kihistoria ni istilahi nzuri yenye kazi yake: riwaya ambayo mazingira yake ni wakati uliopita na ambayo matukio yake makuu yanathibitika. Riwaya ya namna hiyo yaweza kukamilika katika mwezi mmoja na mhusika mmoja. Ni jina la jamii kubwa ambayo aina yetu ni tawi lake.

Ndipo tunapopendekeza riwaya ya vizazi. Neno kizazi linatokana na kitenzi kuzaa, na lina maana zinazotufaa zote pamoja: watu wa rika moja la uzazi, tendo la kuzaa, na tumbo la mama. Limebeba muda ndani yake, kwa kuwa kusema “vizazi” ni kusema mmoja baada ya mwingine. Halifungi mlango kwa mtoto wa kulelewa wala kwa mke mgeni. Tena lina mama ndani yake, jambo ambalo nasaba, kwa jinsi inavyohesabiwa na wengi, hulisahau.

Yumkini mtu atapinga kwa kusema kwamba kizazi hutumika pia kwa rika la taifa zima, kama tunaposema kizazi cha Uhuru. Pingamizi hilo twalipokea kama msaada. Riwaya hii hutaka kuonyesha hasa jinsi kizazi cha nyumba moja kinavyokutana na kizazi cha taifa.

4. Mizizi iliyomo katika Kiswahili

Isidhaniwe kwamba tunalitafutia jina jambo geni. Mwishoni mwa karne ya 19 Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy alianza kuandika Habari za Wakilindi, kitabu cha nathari ya Kiswahili kinachosimulia ukoo uliotawala Usambara, tangu Mbegha hadi kizazi cha Kimweri na vita vilivyowagawa warithi wake. Kitabu hicho ni tarihi, si riwaya. Lakini msomaji atakuta humo ndoa, wivu wa ndugu, kukimbia usiku na kurudi kwa kisasi. Neno habari katika jina lake lilitosha wakati huo kubeba mzigo wote.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake katika Kikerewe, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwandishi alifariki mwaka 1981. Jina lake ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali: mume, mke, mwana wa kiume, binti. Jina la kitabu lenyewe ni vizazi viwili vilivyopangwa. Shida inayowakabili Myombekere na Bugonoka si vita bali ni kukosa mtoto, yaani hofu ya kwamba kizazi kitakatika. Kwa hiyo Kitereza ametupa kiini cha aina hii bila ya bunduki.

Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) ametuonyesha Unguja katika misukosuko ya karne ya 20, na katika Vuta n'kuvute (1999) ameyafunga mapenzi na harakati za siasa katika fundo moja. Gabriel Ruhumbika katika Miradi Bubu ya Wazalendo (1992) amewafuata watu wa kawaida kutoka ukoloni hadi miaka ya baada ya Uhuru. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi, ambayo inaishia pale vita vya Wajerumani na Waingereza vinapokaribia. Gurnah ameurudia wakati huo wa vita katika Afterlives ya mwaka 2020.

Vitabu hivi havijawekwa pamoja kwa sababu havina jina la pamoja. Kimoja hufundishwa kama riwaya ya kijamii, cha pili kama riwaya ya kisiasa, cha tatu kama kumbukumbu ya mila. Istilahi ingetuwezesha kuuliza swali moja kwa vyote: kizazi cha kwanza kilimwachia cha pili nini?

5. Karne ya vita katika nyanda za juu za Kigoma

Sasa natugeukie Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha, iliyopakana na Burundi. Kiha na Kirundi hukaribiana kiasi cha wasemaji wake kuelewana. Tutaieleza historia kwa kifupi, si kwa ajili ya historia yenyewe, bali kwa sababu kila tukio limeacha maneno.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1915 Wajerumani waliishusha majini hapo meli iliyoitwa Graf von Götzen. Julai 1916 waliizamisha wenyewe walipokuwa wakiondoka, na tarehe 28 ya mwezi huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Kigoma. Septemba yakaingia Tabora. Wabelgiji walizishika sehemu hizo hadi mwaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Majeshi ya pande zote yalitegemea migongo ya watu. Wakati huo ndio uliotupa neno Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na ndio ulioyapa maneno askari na mpagazi uchungu ambao kamusi hauuonyeshi. Baada ya vita mpaka wa kikoloni ulibaki kati ya Buha na Burundi, na jamaa waliozoea kutembeleana wakajikuta ni watu wa serikali mbili.

Vita Kuu ya Pili havikupiganwa Kigoma, lakini vilifika. Wajapani walipoziteka nchi za kusini mashariki ya Asia mwaka 1942, nyuzi za huko zilikosekana na mkonge wa Tanganyika ukahitajiwa mno. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Waha walikuwa miongoni mwa watu waliochukuliwa kwa wingi kwenda Tanga na Morogoro. Mtu alipewa namba ya mkataba, naye akaitwa manamba. Huyo ni mtu aliyebadilishwa jina na vita ambavyo hakuviona.

Katika miaka ya 1970 wananchi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wakati huohuo, Aprili 1972, mauaji makubwa yalianza Burundi, na maelfu wakavuka mpaka. Wengi walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, mbali na mpaka. Warundi huyaita mambo ya mwaka huo ikiza, neno ambalo Kiswahili chaweza kulijibu kwa baa au janga. Katika miaka iliyoishia mwaka 2015, watu wapatao 162,000 wa makazi hayo walipewa uraia wa Tanzania, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na wimbi jingine likavuka. Mwaka 1996 vita vilianza mashariki ya Kongo, na watu wa Uvira na Fizi wakavuka Ziwa Tanganyika. Katika wilaya ya Kibondo ya wakati huo zikawapo kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa. Katika wilaya ya Kasulu zikawapo Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2015, baada ya machafuko mapya ya Burundi, Nyarugusu ilijaa tena na Nduta ikafunguliwa upya. Mtendeli ikafuata mwaka 2016, ikaja kufungwa mwaka 2021.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufuko wa ziwa karibu na mpaka. Meli iliyowabeba hadi Kigoma ilikuwa Liemba. Liemba ni ileile Graf von Götzen ya mwaka 1915, iliyoinuliwa kutoka chini ya maji mwaka 1924 na kurudishwa kazini mwaka 1927. Mwandishi wa riwaya ya vizazi akitafuta uzi wa kushonea karne nzima, uzi huo umelala bandarini.

6. Maneno ya ofisini na maneno ya nyumbani

Hapa ndipo kazi ya istilahi inapokuwa nzito. Historia tuliyoieleza imeandikwa zaidi na ofisi: ya vita, ya mkonge, ya vijiji, ya wakimbizi. Kila ofisi ilikuja na maneno yake, nayo maneno hayo yameingia katika Kiswahili sanifu. Si mabaya kwa kazi yake. Lakini mwandishi akiyachukua bila ya kuyapima atajikuta anasimulia ukoo kwa sauti ya karani.

Tuchukue kitenzi kuhama. Kiswahili kina utajiri wa vinyambuo unaoonyesha nani ametenda na nani ametendewa. Tulihama: tuliamua. Tulihamishwa: tuliamuliwa. Tulihamia: tulikuwa na mahali tulipopataka. Hali kadhalika tulikimbia, tulikimbilia, na tulikimbizwa. Katika nyumba moja ya Kasulu bibi anaweza kusema kwamba mwaka 1974 walihamishwa, na mumewe akasema kwamba walihamia. Tofauti hiyo ndogo ya silabi ni sura nzima ya riwaya.

Tulitazame na neno mkimbizi. Umbo lake humkumbusha msikilizaji kitenzi kukimbia na pia kukimbiza. Ofisini ni jina la hadhi ya kisheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 1998, na kwa sheria hiyo mkimbizi hakuruhusiwa kutoka katika eneo lake pasipo kibali. Nyumbani neno hilo lina mwisho: mtu alikimbia, akafika, akawa mgeni, halafu akawa jirani. Neno mgeni katika adabu ya Kiswahili lina haki zake. Mkimbizi lina kadi ya mgao. Riwaya hutaka maneno yote mawili, na hutaka msomaji asikie mhusika anapotoka katika moja kuingia katika jingine.

Kuna tena usemi kurejeshwa kwa hiari. Kisarufi usemi huu unajipinga. Kurejeshwa ni kutendewa. Hiari ni ya mtendaji. Ikiwa watu wamependa wenyewe, yafaa tuseme kurejea kwa hiari. Ikiwa wamerudishwa, basi neno hiari lisiwekwe. Tunalieleza jambo hili kwa uzito kwa sababu mjukuu atakayesoma riwaya miaka hamsini baadaye atataka kujua kama bibi yake alirudi au alirudishwa.

Neno kambi linatufundisha kinyume chake. Askari wa mwaka 1916 walilala kambini; manamba wa mwaka 1945 walikaa katika kambi za mkonge; wakimbizi wa mwaka 1993 walipewa kambi. Mtaalamu wa istilahi hushawishika kuvitenganisha vitu hivi vitatu kwa maneno matatu. Tunashauri viachwe vilivyo. Neno moja linalojirudia katika vizazi vitatu ni hazina ya mwandishi.

Mwisho, tulikumbuke neno zito kuliko yote: mauaji ya kimbari. Istilahi hii imesikika mno tangu Umoja wa Mataifa ulipounda, mwaka 1994, mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha. Imetokana na mbari, yaani ukoo. Kiswahili kimekwenda kulitafuta jina la uovu mkubwa wa vita katika neno la nyumbani, kwa kuwa kinachokusudiwa kuuawa ni kizazi chenyewe. Hakuna ushahidi ulio bora kuliko huu kwamba msamiati wa ukoo na msamiati wa vita havitenganiki.

7. Mapenzi kama kiungo

Ili kuonyesha jinsi istilahi zinavyofanya kazi, natubuni ukoo mmoja wa kijiji cha wilaya ya Kasulu. Babu mkuu alibeba mizigo ya Wabelgiji mwaka 1916 akarudi na mke kutoka ng'ambo ya Malagarasi. Mwanawe alikwenda Tanga kama manamba mwaka 1945, akaacha mchumba. Alipokawia, mchumba aliozwa nduguye. Binti wa ndoa hiyo, mwaka 1972, aliwapokea nyumbani watu wa upande wa Burundi ambao bibi yake aliwaita wajomba. Mwana wa binti huyo, mwaka 1997, alimpenda msichana wa Nyarugusu aliyetoka Fizi.

Wawili hao wa mwisho wanazungumza lugha gani? Mmoja ana Kiha, mwingine ana Kibembe. Wanapendana kwa Kiswahili. Na Kiswahili chenyewe si kimoja, maana cha msichana ni cha Kongo. Mwandishi ataamua kama atavisawazisha Viswahili hivyo viwili au ataviacha visikike. Sisi twashauri visikike, kwa kuwa kusahihishana maneno ni sehemu ya uchumba wao.

Sheria nayo huingia chumbani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilivyotungwa ilimpa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa nafasi hiyo kwa njia ya ndoa. Kwa hiyo mapenzi yaleyale, wahusika wakibadilishana nchi, yangekuwa na mwisho mwingine. Hapo maneno posa, mahari, wakwe na ukwe yanakutana na kibali na cheti, na mwandishi anahitaji kuyajua yote.

Katika kupanga riwaya kama hii twapendekeza pia neno mlango. Katika jamii za pwani mlango si ubao wa kufungia nyumba tu, bali pia ni tawi la ukoo, kama vile tumbo lilivyo neno la ndugu wa mama mmoja. Katika Kirundi neno umuryango, lenye asili moja na mlango, lina maana ya mahali pa kuingilia nyumba na pia maana ya jamaa au ukoo. Bara na pwani zimekutana hapa bila ya kuitwa katika kikao. Kwa hiyo sehemu ya riwaya inayofuata tawi moja la ukoo yafaa iitwe mlango, na msomaji wa Kasulu ataielewa kama wa Lamu.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe.

Riwaya ya vizazi: riwaya inayosimulia watu waliounganishwa na uzazi, ndoa au malezi kwa muda wa vizazi viwili au zaidi, ambamo tukio la historia hubadili maisha yao.

Riwaya ya vizazi vya vita: tawi la aina hiyo ambamo tukio kuu ni vita au matokeo yake.

Mlango: sehemu ya riwaya ya vizazi inayofuata tawi moja la ukoo.

Jedwali la vizazi: mchoro wa wahusika na uhusiano wao, unaowekwa mwanzoni mwa kitabu. Jina hili twaliona bora kuliko “mti wa familia”, ambalo limefasiriwa neno kwa neno.

Kiungo cha ndoa: tukio la mapenzi au ndoa linalovusha hadithi kutoka kizazi hadi kizazi.

Ukimbizi: hali ya kuishi baada ya kukimbia. Litofautishwe na uhamisho, ambao ni kuondolewa kwa amri.

Kurejea na kurejeshwa: yatumiwe kila moja mahali pake, kwa kufuata nani aliyeamua.

Mwaka wa jina: mwaka ambao watu huukumbuka kwa jina la tukio badala ya tarakimu, kama Warundi wanavyosema ikiza.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya vizazi ni jina linalotosha, kwa kuwa limetoka katika kitenzi kuzaa na kwa kuwa linawapokea wote ambao vita huwaingiza katika jamaa. Aidha, tumeonyesha kwamba istilahi zinazoandamana nalo zimo tayari katika midomo ya watu. Kazi yetu ni kuzichagua na kuzipanga.

Jambo hili halina muda mrefu wa kungoja. Waliochukuliwa kwa mkataba kwenda kwenye mkonge katika miaka ya 1940 karibu wote wamekwisha kufariki. Waliovuka mpaka mwaka 1972 wakiwa vijana sasa ni wazee. Watoto waliozaliwa Nyarugusu mwaka 1997 ni watu wazima wenye watoto, na wengi wao husoma na kuandika Kiswahili. Watakapoketi kuandika habari za kwao watakuta maneno ya ofisini yako tayari mezani, yamepigwa chapa na kugongwa muhuri. Tunawaomba walimu, wachapaji na wajumbe wa kamati za istilahi wahakikishe kwamba maneno ya nyumbani nayo yapo mezani hapo, na kwamba yana hadhi ileile katika kamusi.